Viza ya K na Meza ya Mbele: Kinachouzwa Uchina si Kiingereza

Tangu kanuni ya viza ya K ya Uchina ianze kutumika, Oktoba 1, 2025, makundi ya WhatsApp ya wahitimu wetu hayajatulia. Ujumbe unaozunguka ni uleule, ila kila unaporudi umeongezewa bendera: mwenye viza hii anaruhusiwa kushiriki shughuli za elimu, utamaduni, sayansi na teknolojia, na haombwi barua ya mwajiri wa kumwalika. Watu wamesoma neno "elimu" wakakomea hapo. Elimu ni kufundisha, kufundisha ni Kiingereza, na Kiingereza Uchina ni yale maisha ya kwenye video fupi: vipindi 16 kwa wiki, nyumba ya shule, na Ijumaa usiku meza iliyojaa chupa ambazo hakuna aliyezilipia. Kila wiki kuna mtu ananiuliza kama huu sasa ndio mlango.

Si mlango huo, na sababu ya kisheria haihitaji wakili. Uamuzi uliosainiwa na Waziri Mkuu Li Qiang na kutangazwa Agosti 2025 umeielekeza viza ya K kwa vijana wa sayansi na teknolojia: wenye shahada ya kwanza au zaidi katika sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kutoka vyuo au taasisi za utafiti zinazotambulika, au wanaofundisha na kufanya utafiti katika fani hizo. Haukugusa kibali cha kazi cha mwalimu wa lugha. Wachina wenyewe waliusoma kwa hofu. Mwaka huo wahitimu wao milioni 12.22 walikuwa wanaingia sokoni, na Agosti ukosefu wa ajira kwa vijana wa miaka 16 hadi 24 wasio wanafunzi ulikuwa asilimia 18.9, kwa hiyo mitandao yao ilijaa manung'uniko kwamba wageni wanaletewa kazi. Sisi tukausoma kwa matumaini. Wao na sisi tumeusomea mambo ambayo haukuyasema.

Lakini kosa zito haliko kwenye herufi K. Liko kwenye kudhani kwamba soko la walimu wa kigeni Uchina lilikuwa likinunua Kiingereza. Hoja yangu ni kwamba lilikuwa likinunua mgeni anayeonekana, na Kiingereza kilikuwa sababu ya heshima ya kumweka hapo. Darasa la Jumamosi asubuhi na meza ya klabu ya Jumamosi usiku ni duka moja lenye milango miwili. Asiyeliona hilo ataendelea kushangaa kwa nini kazi zimepungua ilhali watoto wa Kichina bado wanasoma Kiingereza, na kwa nini yeye aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza anapitwa na mtu anayekibahatisha.

Tuanze na mwanzo wa njaa yenyewe. Mwaka 2001 Beijing ilishinda haki ya kuandaa Olimpiki, Uchina ikaingia Shirika la Biashara Duniani, na serikali ikaagiza Kiingereza kianze darasa la tatu la shule ya msingi. Kwenye gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, Kiingereza kina alama 150 kati ya 750, sawa na Hisabati na sawa na Kichina chenyewe. Weka juu ya hayo sera ya mtoto mmoja iliyodumu zaidi ya miaka 30. Mzazi mwenye mtoto mmoja hana mwingine wa kujaribia. Baba, mama, na babu na bibi wa pande zote mbili, watu sita wazima, wanasimama nyuma ya alama 150 za mtoto mmoja. Hapo ndipo vituo vya mafunzo vilipoota kama uyoga. New Oriental, iliyoanzishwa na Yu Minhong mwaka 1993, ikakua hadi kuuza hisa New York. VIPKid, iliyoanza 2013, ikawaunganisha watoto wa Kichina kwa video na makumi ya maelfu ya walimu walioko Marekani na Kanada, dakika 25 kila somo, mwalimu akiamka alfajiri kwao ili afundishe jioni ya Beijing.

Mzazi huyo, hata hivyo, mara nyingi hana namna ya kupima Kiingereza cha mwalimu, kwa sababu yeye mwenyewe hakijui. Hupima anachoweza kukiona. Nilisoma Wuhan, na Jumamosi moja nilimsindikiza mwanafunzi mwenzangu kutoka Ulaya ya Mashariki kwenda kwenye somo la majaribio katika kituo kimoja. Kiingereza cha bwana yule kilikuwa cha kuombea maji. Chumba kilikuwa na ukuta wa kioo, wazazi wamejipanga nje na simu mkononi, ndani watoto sita wa miaka kama mitano wamekaa kwenye zulia lenye alfabeti. Aliinua kadi ya tembo, akatamka neno ambalo sijalisikia tena tangu siku ile. Binti wa Kichina aliyeitwa msaidizi, amechuchumaa pembeni, akalirudia taratibu kwa matamshi sahihi, watoto wakamfuata yeye. Ilikwenda hivyo dakika 40: mmoja ameonyeshwa, mwingine amefundisha. Baadaye wazazi walipanga foleni kupiga picha na yule aliyeonyeshwa, na wawili wakalipia muhula mzima palepale. Mimi, ambaye ningeweza kumfundisha tembo huyo na ndugu zake wote, meneja alinipa chupa ya maji kwa adabu kabisa na kuniomba nisubiri chini.

Sheria, kwa karatasi, inakataa mchezo ule. Tangu Aprili 2017 wageni wanaofanya kazi Uchina wamepangwa katika madaraja ya A, B na C kwa nchi nzima. Mwalimu wa Kiingereza kwa kawaida huingia daraja B: shahada ya kwanza, uzoefu wa miaka miwili au cheti cha kufundishia lugha cha saa 120, hati ya polisi ya tabia njema, na uraia wa nchi ambayo Kiingereza huhesabiwa kuwa lugha mama yake. Kwa utekelezaji orodha hiyo ni nchi saba: Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Kenya haimo, Uganda haimo, Tanzania haimo. Rafiki yangu wa Ulaya ya Mashariki naye hakumo, na viza yake ilikuwa ya mwanafunzi. Chini ya sheria ya uingiaji na utokaji iliyoanza kutumika Julai 2013, anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huwekwa ndani siku 5 hadi 15. Mwajiri naye hutozwa yuan 10,000 kwa kila kichwa, mwisho 100,000. Anayerudishwa kwao anaweza kuzuiwa kuingia tena kwa mwaka mmoja hadi mitano. Kwa kituo kinacholipisha wazazi muhula mzima mbele, 10,000 kwa kichwa ilikuwa gharama ya biashara kama umeme. Kwa mwanafunzi aliyebakiza mwaka mmoja kumaliza, ilikuwa kupoteza shahada.

Maisha ya kila siku ya waijiao, yaani mwalimu wa kigeni, hayafanani sana na video. Aliye kwenye kituo cha mafunzo hufanya kazi wakati watoto wametoka shule: jioni za katikati ya wiki, Jumamosi na Jumapili kutwa. Mapumziko yake ni Jumatatu na Jumanne, siku ambazo kila rafiki yuko kazini. Aliye chuo kikuu ana vipindi vichache na nyumba ya bure ndani ya geti la chuo, ila mshahara wake huwa nusu ya wa kituo au pungufu. Akihamia nyumba mpya ana saa 24 za kujiandikisha polisi, akisahau, atakumbushwa. Asubuhi ananunua baozi mbili, maandazi ya mvuke, na maziwa ya soya ya moto kwa mama wa dirishani, analipa kwa kuelekeza simu kwenye karatasi ya msimbo wa QR iliyonata mafuta, na miezi inapita hajashika noti. Anaagiza chakula, teksi na dawa ya mafua kwa simu hiyohiyo. Ikimzimikia njiani, na hapo ndipo wengi hugundua, hajui hata kusoma jina la mtaa wake. Upweke wa aina hiyo hauna picha nzuri, kwa hiyo hauonekani kwenye video, na ndio unaomfanya mtu aitikie ujumbe wa promota, yule anayelipwa kuleta wageni klabu, ifikapo saa tatu usiku.

Ujumbe wenyewe huja kwenye kundi la WeChat, WhatsApp ya Wachina: leo meza tatu, wageni tu, vinywaji bure mpaka saa nane. Wuhan, Chengdu, Shenzhen, Guangzhou, utaratibu ni mmoja. Unafika, unavukishwa foleni, unapelekwa kwenye meza karibu na jukwaa. Kuna jagi la wiski iliyochanganywa na chai ya kijani ya chupa, tamu kama sharubati, barafu, vikombe vya plastiki vya kuchezea dadu, na sahani ya matikiti na nyanya ndogo ambayo hakuna anayeigusa. Kichwa cha asubuhi hukuambia ile wiski ilikuwa ya namna gani. Kila baada ya muda promota anapita na kupiga picha ya meza. Wengi hutabasamu wakidhani ni kumbukumbu. Ni risiti: picha inakwenda kwa meneja, vichwa vinahesabiwa, promota analipwa. Upande wa pili wa jukwaa wamekaa wateja wenyewe, vijana wa Kichina walioletewa shampeni yenye fataki shingoni, wakilipa maelfu ya yuan kwa meza. Sehemu ya wanachonunua ni kukaa katika ukumbi ambao una wageni. Nasi tulikuwa na madaraja yetu. Wasichana wa Kizungu waliwekwa ukingoni penye taa, wavulana wa Kizungu nyuma yao, sisi wa Afrika upande wa ndani. Baada ya hip-hop kushika kasi Uchina mwaka 2017 palikuwa na usiku mmoja kwa wiki ambapo mpangilio uligeuzwa na sisi tukaletwa mbele. Rafiki yangu Mganda, akiwa ndani ya fulana kubwa ya mpira wa kikapu aliyoiazima, aliniambia kwamba leo tumepandishwa cheo.

Linganisha sasa ukuta wa kioo wa kituo na taa za jukwaa. Kote kuwili kuna mtu anayelipa na mtu anayeonyeshwa. Kazi halisi, ya kufundisha au ya kuuza pombe, inafanywa na Mchina wa mshahara mdogo aliyechuchumaa pembeni. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema usiku ule ulikuwa starehe binafsi isiyohusiana na kazi. Hoja yao ina ukweli wake, kwamba mtu mzima ana haki ya kucheza muziki baada ya kazi, na kwamba wengi walikwenda kwa sababu walikuwa vijana na pombe ilikuwa bure. Lakini starehe yako haiwi na mtu anayepeleka picha yako kwa meneja. Mwenye kukaa kwenye meza ya bure yuko zamu, hata kama hajui.

Nakiri kuna usiku mwingine, na huo ndio ninaoukumbuka kwa hamu. Mwezi wa sita Wuhan hunuka pilipili na kitunguu saumu, kwa sababu mji mzima unakula kamba wa maji baridi. Unakaa kwenye kigoda cha plastiki kando ya barabara, unavaa glavu za nailoni, beseni linawekwa katikati, na mishikaki inaendelea kuja kutoka kwenye jiko la mkaa hadi meza inajaa vijiti. Ng'ambo ya barabara mama wa makamo wanacheza ngoma ya uwanjani kwa spika moja inayokoroma. Fundi wa viyoyozi wa meza ya jirani atakuuliza unatoka wapi, atasema Tanzania, reli, atanyanyua bilauri, na wakati wa kulipa atakusukuma kifuani ili asiruhusu simu yako iguse msimbo. Pale hakuna aliyekuja kukutazama ukiwa mbele. Cha ajabu, walimu wengi niliowajua walikaa miaka mitatu na mahali hapo hawakupajua, maana hapakuwa kwenye ujumbe wa promota.

Soko la walimu wa kigeni lilivunjwa tarehe moja inayojulikana. Julai 24, 2021 serikali ilitoa sera ya shuangjian, kupunguza mizigo miwili ya wanafunzi: kazi za nyumbani na masomo ya ziada. Vituo vya masomo ya mtaala kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tisa vikaambiwa vigeuke asasi zisizo za faida. Kufundisha wikiendi na likizo kukapigwa marufuku, na kuajiri wageni walioko nje ya Uchina kufundisha kwa mtandao kukakatazwa kwa maneno ya wazi. Katika miezi michache vituo vya ana kwa ana vilishuka kutoka takriban 124,000 hadi chini ya 10,000. Yu Minhong alisema New Oriental iliachisha kazi watu 60,000 mwaka huo. Kampuni hiyo ikahamia kuuza vyakula kwa matangazo ya moja kwa moja mtandaoni, na katikati ya 2022 mwalimu wake wa zamani wa Kiingereza, Dong Yuhui, akawa nyota wa nchi nzima kwa kuuza mchele na nyama huku akiandika maneno ya Kiingereza kwenye ubao mweupe. Watu walitazama kwa mamilioni. Kiingereza kilikuwa bado kinauzika. Hakikuhitaji tena Mzungu wa kukishika.

Kutoka hapo ndipo ikazaliwa tafsiri iliyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo maarufu zaidi: kwamba Uchina imeingiwa na uzalendo na kukikataa Kiingereza. Wanaoishikilia wana mifano. Mwaka 2021 mjumbe mmoja wa baraza la kisiasa la mashauriano, linaloishauri serikali, alipendekeza Kiingereza kisiwe somo la msingi tena. Agosti mwaka huohuo Shanghai ilikiondoa kwenye mitihani ya mwisho wa muhula ya shule za msingi. Septemba 2023 Chuo Kikuu cha Xi'an Jiaotong kiliacha kudai mtihani wa Kiingereza kama sharti la kuhitimu. Yote kweli. Ila pendekezo lile halikuwa sheria, watoto wa Shanghai bado wanafundishwa somo lenyewe, na gaokao ya 2025, yenye watahiniwa milioni 13.35, ilikuwa na Kiingereza na alama zake 150 zilezile. Halafu kuna jambo ambalo tafsiri hii haiwezi kulijibu kabisa: shuangjian ilifunga masomo ya ziada ya Hisabati kwa rungu lilelile. Je, Uchina imeikataa Hisabati? Kilichopigwa ni biashara ya hofu ya wazazi. Serikali iliona gharama ya kumlea mtoto inapanda hadi watu wanaacha kuzaa, na vituo vya mafunzo vilikuwa sehemu kubwa ya gharama hiyo.

Nao kweli waliacha kuzaa, na hii ndiyo sehemu ambayo hakuna viza itakayoitengeneza. Mwaka 2016, sera ya mtoto mmoja ilipoondolewa, walizaliwa watoto zaidi ya milioni 17. Mwaka 2023 walizaliwa milioni 9.02. Mwaka 2024, mwaka wa joka unaopendwa kwa uzazi, walipanda kidogo tu hadi milioni 9.54. Shule za awali zilipungua kwa karibu 15,000 ndani ya 2023 peke yake. Shule za awali za binafsi ndizo zilizokuwa mwajiri mkubwa wa sura mpya isiyo na uzoefu, aina ile ya kazi ambayo kijana wetu huiona kwenye tangazo na kudhani ni mwanzo wa ngazi. Ngazi imeondolewa kutoka chini. Sheria mpya ya elimu ya awali, iliyoanza Juni 1, 2025, inakataza pia kuwaingizia watoto hao masomo ya shule ya msingi. Hata bila sheria hiyo, hesabu ya vichwa inatosha: watoto wamepungua kwa karibu nusu, na walimu wenye pasipoti za nchi saba waliobaki wanagombea waliopo.

Usiku ulikuwa umeanza kufungwa kabla ya mchana, jambo ambalo linanishawishi zaidi kwamba biashara ni moja. Baa za mtaa wa Yongkang, Shanghai, zilifungwa 2016. Mwaka 2017 matofali yalipanda mbele ya milango ya uchochoro wa baa wa Sanlitun, Beijing, ule ambao vizazi vya walimu viliuita mchafu kwa mapenzi. Polisi wakaanza kuingia kumbini na kupima mikojo na nywele, na nywele hutunza siri kwa miezi. Kwa matumizi ya dawa za kulevya mtu huzuiliwa siku 10 hadi 15, na mgeni kwa kawaida hutoka kizuizini akielekea uwanja wa ndege. Kisha Machi 28, 2020 mipaka ikafungwa kwa wageni, isifunguliwe vizuri hadi Januari 8, 2023. Miaka karibu mitatu klabu zilikaa bila sura mpya na wateja hawakuacha kuja. Wenye klabu wakajifunza walichojifunza wenye vituo.

Imebaki hoja moja nzito, ambayo siwezi kuipita haraka: kwamba haya yote ni ubaguzi wa rangi, basi. Yapo ya kuithibitisha. Matangazo ya kazi yaliyotaka Wazungu pekee yamechapishwa hadharani kwa miaka. Wamarekani weusi, wenye pasipoti iliyo kwenye orodha, wamesimulia jinsi mahojiano yalivyoisha kamera ilipowashwa. Aprili 2020 Waafrika wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba zao usiku kwa kisingizio cha korona, na hakuna aliyewauliza Kiingereza chao kikoje. Sibishani na hilo. Ninachoongeza ni kwamba ubaguzi wa soko na ubaguzi wa sheria ni vitu viwili, na vinapigana. Sheria inatazama pasipoti, kwa hiyo inampa Mwafrika Kusini mweusi kibali ambacho inamnyima Mrusi. Soko linatazama sura, kwa hiyo linamwajiri Mrusi kwa siri na kumwacha Mwafrika Kusini akisubiri. Mtanzania amekosa kote kuwili, na hasira yake ni halali. Lakini akidai aingizwe kwenye orodha ya nchi saba, anadai sehemu ya meza inayokunjwa.

Kabla hatujawacheka wazazi wa Wuhan, tukumbuke tulivyofanya nyumbani. Shule zetu za msingi za Kiingereza, zile tunazoziita "inglishi midiamu", zilipoenea Tanzania zilijaza walimu kutoka Kenya na Uganda, na mzazi wa Dar aliyekuwa hawezi kupima Kiingereza cha mwalimu alipima lafudhi. "Mwalimu Mkenya" lilikuwa neno la tangazo. Sheria ya ajira za wageni ya 2015 ilipobana vibali, wengi wao waliondoka, na shule zikagundua kwamba Watanzania waliokuwa wasaidizi walikuwa wakiliendesha darasa siku zote. Walimu wa Kenya waliofukuzwa Dar na walimu wa Marekani waliopoteza VIPKid wangeelewana haraka sana kama wangekutana.

Kwa hiyo kijana anayetazama Uchina leo afanye hesabu tofauti. Kinachonunuliwa sasa, kwa pesa nzuri na kwa kibali halali, ni somo: Fizikia, Hisabati, Kemia, zikifundishwa kwa Kiingereza katika shule za kimataifa na vitengo vya mitaala ya nje vya shule za sekondari, ambako mtoto anaandaliwa kwenda chuo cha ng'ambo. Mwalimu wa somo hahitaji pasipoti ya nchi saba. Anahitaji shahada ya fani yake na angalau miaka miwili ya kulifundisha. Hata uthibitishaji wa vyeti umelegea kidogo tangu Uchina iingie katika mkataba wa apostili, unaorahisisha nchi kutambua nyaraka za nchi nyingine, Novemba 7, 2023, ingawa nafuu hiyo ni kwa nchi zilizomo kwenye mkataba. Na hapo, ukitazama vizuri, ndipo viza ya K inapoanza kuwa na maana kwetu. Imeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye fani, na sisi tumeipeleka kwenye foleni ya watu wenye sura.

Wiki iliyopita aliniandikia kijana wa Morogoro. Ameshalipia cheti cha mtandaoni cha kufundishia Kiingereza, saa 120, na amefungua akaunti ya kurekodi video ili arekebishe lafudhi iwe ya Kimarekani. Alinitumia moja nisikilize. Nilimuuliza amesomea nini chuoni. Hisabati na Fizikia, akajibu, na anafundisha sekondari ya kata mwaka wa tatu huu, ila hivyo hakuviweka kwenye wasifu wake kwa sababu aliona havihusiani.